Hodhi limegeuka kijani, samaki wanatweta alfajiri

SWALI: Assalaam alaykum Bibi Shamba. Nina hodhi la saruji uani kwangu, hapa Limbani, Wete. Urefu mita tatu, upana mbili, maji yananifika kiunoni. Mwaka jana nilitia perege thelathini, na sasa wamezaana sijui idadi yao. Tangu masika yaanze maji yamekuwa kijani kibichi, ukutani kuna manyuzi yanayoteleza, na juu vimejaa vijani vidogo vinavyoelea. Alfajiri samaki huja juu wakitweta. Jirani ananambia nitie mrututu. Nifanyeje?
Mama wa Limbani

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Mrututu usiutie, nakusihi. Shaba iliyomo ndani yake huwadhuru samaki wenyewe, na hata wakinusurika, ukijani wote ukifa kwa mpigo utaoza, na kuoza huko hula hewa ya majini. Utaamka uwakute wanaelea.

Hewa yako tayari ni haba. Mimea ile ya kijani mchana hutoa hewa kwa nguvu ya jua, lakini usiku nayo huvuta kama samaki. Ndiyo maana wanatweta alfajiri, na jua likipanda wanatulia. Kwa hiyo leo usiwape chakula, wala kesho. Toa sehemu moja katika tano ya maji, uyamwagie migomba na mchicha, utaona inavyostawi. Maji mapya kama ni ya mfereji, yaweke kwenye pipa lililo wazi siku moja au mbili ile dawa ya klorini ipungue, kisha yamimine kutoka juu, yaanguke kwa kishindo yaingie na hewa. Rudia baada ya siku chache. Usibadilishe yote kwa siku moja.

Sasa chanzo chake. Ukijani hula mbolea, na mbolea hiyo ni kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Ubwabwa wa jana na pumba zikizama zisiliwe, umelisha ukijani. Wape kile wanachokimaliza mbele ya macho yako, dakika tano hivi, basi. Na kwa kuwa mambo yameanza na masika, tazama mvua inapita wapi. Kama juu ya hodhi kuna matuta uliyotia samadi ya mbuzi, maji yote yanakushukia. Inua kingo kwa tofali moja na uchimbe kijifereji pembeni.

Jua la mchana likingie kwa makuti upande wa magharibi, nusu ya hodhi inatosha. Yungiyungi nalo hutia kivuli kizuri, ila lipande kwenye chungu na juu ya udongo upange mawe, maana perege hufukua.

Manyuzi yazungushe kwenye fagio la chelewa kuukuu, yatatoka mafungu mafungu. Vijani vinavyoelea vikusanye kwa kipande cha chandarua, uwape bata. Perege nao hula. Ila akitokea mtu kukuletea gugu maji kwa uzuri wa ua lake la zambarau, mkatalie. Waulize watu wa Ziwa Victoria, linawasumbua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Usitafute maji meupe kama ya kunywa. Perege hula ukijani huo, kidogo ni riziki yao. Tumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko: ukikiona kiganja chako kwa mbali, yamekaa sawa. Kikipotea kabla kiwiko hakijalowa, punguza chakula.

Lakini yote haya hayatashika ikiwa samaki watabaki wengi hivyo. Hodhi lisilo na mashine ya kupuliza hewa hubebeshwa samaki watatu kwa kila mita mraba. Lako ni mita sita, hao ni kumi na wanane. Wavue wakubwa mle kwa mchuzi wa nazi, vifaranga wagawie majirani wenye mahodhi. Na perege hawaachi kuzaana, kwa hiyo kila baada ya miezi michache uingize wavu tena.