Minyoo na damu: majibu ya maswali yenu

Binti yangu wa miaka tisa amepimwa, ana damu kidogo, na choo chake kina mayai ya safura. Minyoo inahusianaje na damu? – Mzazi, Busia

Inahusiana sana, mama. Viluwiluwi vya safura hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, hasa penye udongo mbichi uliochafuliwa na kinyesi. Hupita kwenye damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha minyoo hung'ata ukuta wa utumbo mdogo na kunyonya. Mnyoo mmoja hunyonya tone dogo tu, lakini mamia yakikaa humo miezi kwa miezi, madini ya chuma, yanayojenga damu, humwishia mtoto. Mvute kope ya chini utazame ndani yake: pakiwa peupe badala ya pekundu, usingoje.

Alimeza dawa wiki mbili zilizopita. Mbona bado anasinzia darasani? – Mzazi huyo huyo

Albendazoli huua minyoo. Hairudishi damu iliyokwisha kunyonywa. Hapa ndipo wazazi wengi huachia njiani, na inaniuma, maana mtoto huitwa mvivu kumbe ni mgonjwa. Omba kituo cha afya kimpe dawa ya kuongeza damu, naye aendelee nayo miezi kadhaa hata akichangamka mapema. Nyumbani mpe omena, maini ukiyapata, managu na ndengu, pamoja na chungwa au limau ili chuma kiingie mwilini vizuri. Chai asinywe na chakula, kwa kuwa huzuia chuma hicho. Anywe saa moja au mbili baadaye. Na viatu avae hata akienda chooni.

Nina mimba na natamani odowa kila saa. Ni minyoo? – Kondele, Kisumu

Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, dada. Udongo wenyewe huweza kuzuia chuma na kubeba mayai ya minyoo. Waambie kliniki bila haya, wakupime damu. Dawa ya minyoo usijinunulie: haitolewi miezi mitatu ya kwanza.

Navua samaki Dunga. Choo changu kina damu, na dawa ya minyoo haijasaidia. – Kisumu

Huenda ni kichocho, kinachotoka kwa konokono wa ziwani. Albendazoli haikitibu, dawa yake ni prazikwanteli. Nenda ukapimwe choo wiki hii, ndugu yangu, na umweleze daktari kwamba unaingia majini kila siku.