Gobore linatawanya risasi? Anza na kitambaa
Ndugu, kama hilo gobore lako la Hawken, la kaliba .50, linatawanya risasi kwa yadi 50, usikimbilie kuongeza baruti. Tembea hatua chache mbele ya mtutu uokote vitambaa vilivyobeba risasi, vile unavyozifungia unapozishindilia mtutuni. Kikiwa kizima, na duara la masizi katikati, hakina kosa. Kilichotobolewa na moto ni chembamba mno au kikavu: kama unatumia risasi ya inchi 0.490 na kitambaa chenye unene wa inchi 0.015, panda hadi 0.018, kiwe pamba tupu (nailoni huyeyukia mtutuni), na ukipake mafuta zaidi. Kilichochanika kama kwa wembe, basi kingo za mifereji iliyo ndani ya mtutu mpya bado kali. Zitalainika kadiri unavyopiga.

Halafu masizi. Baruti nyeusi ni chafu kwelikweli, kwa hiyo kila baada ya risasi pitisha mtutuni kitambaa cha kusafishia chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Na chora alama kwenye mdeki (ule ufito wa kushindilia risasi), usawa wa mdomo wa mtutu, risasi ikiwa imekalia baruti sawasawa. Ukipakia tena na alama ikabaki nje, usifyatue: uwazi uliobaki kati ya risasi na baruti huvimbisha mtutu, hata kuupasua.