Kabla ya Kumchagua Mchangiaji wa Uloto wa Mtoto

Wazazi wanaouguza watoto wenye saratani ya damu hunipigia simu wakiwa wameshampata mchangiaji wa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa kuangalia kundi la damu: shangazi mwenye kundi O, au baba mdogo mwenye afya njema ambaye nauli yake ya India imeshachangwa. Nami niliyemuuguza mwanangu huko Chennai baada ya ugonjwa kumrudia, huwaomba kwanza waliweke kando kundi la damu. Mtoto wa kundi A anaweza kupandikizwa uloto wa mtu wa kundi O, na baada ya miezi kadhaa damu yake mwenyewe ikawa O. Kinachotangulia kutazamwa ni vinasaba vya HLA, vinavyozipa seli alama ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mgeni, na ambavyo mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama.

Kwa hiyo anzeni na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 tu wa kulingana kikamilifu na mgonjwa, basi pimeni wote, hata yule mdogo ambaye bibi yake hataki aguswe. Ila mkubaliane mapema na daktari majibu yatasomwa mbele ya nani, maana kipimo hicho huweza kufichua nani ni mtoto wa nani, na si habari ya kupokelewa kwenye korido ya hospitali.

Kwetu hakuna ndugu aliyelingana. Orodha za wachangiaji duniani zina watu zaidi ya milioni 40, lakini wengi wao ni wenye asili ya Ulaya, hivyo mtoto wa Kiafrika hupata anayelingana naye kwa shida. Isitoshe, upandikizaji hufanywa wakati dawa zimeutuliza ugonjwa, na utulivu huo hauna dhamana ya kudumu hadi mtu wa mbali apatikane. Ndipo daktari alipopendekeza mzazi, ambaye siku zote hulingana nusu. Zamani nusu hiyo iliogopwa, kwa kuwa seli za mchangiaji huweza kuishambulia ngozi, utumbo na ini la mtoto. Siku hizi dawa ya siklofosfamidi, ambayo kwa kawaida hutolewa siku ya tatu na ya nne baada ya upandikizaji, hupunguza sana hatari hiyo. Ukali kiasi wa seli hizo una faida pia, kwani huyasaka mabaki ya saratani, na ndiyo sababu hata pacha wa kufanana, ambaye seli zake hazina ukali huo, si lazima awe chaguo bora.

Nilitamani niwe mimi. Lakini mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi huweza kujenga kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi ya alama za HLA za mtu fulani, na za mwanangu zilinikataa mimi, zikamwacha baba yake. Hata zisingekuwapo, madaktari wengi wangempa yeye nafasi, kwani mwanamke aliyewahi kubeba mimba huongeza uwezekano wa lile shambulio. Baba yake alilazwa kwa nusukaputi, uloto ukavutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, akaamka na maumivu ya kiuno yaliyotulizwa kwa vidonge vya kawaida.

Jambo moja wazazi husahau kuuliza ni mchangiaji wa akiba. Apimwe na akubali kabla mtoto hajaanza dawa za kuuondoa uloto wake, kwa sababu zikishaanza hakuna kurudi nyuma, na mchangiaji wa kwanza naye ni binadamu anayeweza kuugua malaria wiki hiyohiyo.