Kabla hujaniletea spishi mpya kutoka Newala

Wadogo zangu, msimu wa korosho haujaisha na tayari nimeshaletewa "spishi mpya" tena. Najua zinakotoka. Wakulima wakifyeka chini ya mikorosho hukutana na kifutu au swila, wanaua, wanawapigia simu, nanyi mnarukia bodaboda kwenda kuchukua nyama ya kupimia vinasaba. Mnachapa kazi na hamlalamikii vumbi, nawapenda kwa hilo. Lakini spishi mpya zenu zina tabia ya kufa nikishaomba kuona kromatogramu, ule mchoro wa vilele unaoonyesha herufi za vinasaba zilivyosomwa na mashine. Basi niseme leo, na atakayenuna anune.

1. Nyama ihifadhiwe kwenye ethanoli, si formalini, na si ile spiriti ya bluu ya dukani. Iwe nyingi kuliko nyama, na ibadilishwe kesho yake. Namba iandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi kinachoingia ndani ya tyubu, maana wino wa maka peni ethanoli inaula wote.

2. Mkasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipojiaibisha.

Nilikuwa na umri wenu, na kiburi chenu pia. Tulipata nyoka wawili kwa siku moja. Mmoja ni Naja mossambica, swila wa kawaida aliyeuawa shambani njia ya Masasi. Mwingine ni fira wa msituni, Naja subfulva, mkubwa, mgongo unang'aa, katokea upande wa Rondo. Jua linazama, mbu wameanza, dereva anapiga honi kwa sababu anataka kuingia Lindi kabla ya giza. Nikakata ini la swila. Nikafuta mkasi kwenye suruali. Kwenye suruali, jamani! Nikakata ini la fira.

Majibu yalipotoka, saitokromu b ya fira wa Rondo, jeni ya mitokondria inayorithiwa kwa mama, ikakaa katikati kabisa ya kundi la mossambica, huku jeni za kiini cha seli zikisema ni subfulva. Mwenye akili timamu angeshuku kazi yake. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma makala nyingi za mitokondria kuhama kutoka spishi moja hadi nyingine, nikaona bahati imenidondokea. Nikachora ramani yenye mishale kutoka Masasi hadi Rondo. Nikaeleza misitu ya pwani ilivyosinyaa na kutanuka enzi za ukame, swila na fira wakakutana pembezoni, wakazaa. Nikasimama mbele ya watu nikasema "introgresheni", yaani vinasaba kuvuka spishi kupitia machotara, na nililitamka vizuri sana.

Nyuma ya ukumbi alikaa mama mmoja, fundi wa maabara, na kikombe chake cha chai. Akauliza, "Mwanangu, hawa uliwakata siku moja?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa mkasi mmoja?"

Nikaanza kumweleza habari za uteuzi asilia. Akanikatiza taratibu: "Mwanangu, nimeuliza mkasi."

Tulirudi kwenye kromatogramu pamoja. Kila mahali ambapo spishi hizo mbili hutofautiana palikuwa na kilele kirefu, na chini yake kingine kifupi. Programu ilichagua kirefu, nami nikakubali kwa kuwa kilinipendeza. Praima, vile vipande vya kuanzishia kunakili vinasaba, zilishika vinasaba vya swila vilivyobaki kwenye mkasi kuliko vya mwenye ini. Tukachukua kipande kilichosalia, tukachokonoa katikati ambapo chuma hakikugusa, tukarudia PCR, kule kunakili vinasaba kwa mashine. Subfulva, mitokondria na kiini. Chotara wangu akazikwa siku hiyo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzoga nilikuwa nimeutupa. Sikuupiga picha wala sikuhesabu magamba. Subfulva kwa kawaida ana safu 19 za magamba katikati ya mwili, mossambica mara nyingi 23 hadi 25. Ni kazi ya dakika chache ambayo ingenizuia kuchora mshale hata mmoja. Wenzangu waliniita Bwana Chotara miaka na miaka, na kuna mmoja anaendelea hadi leo kwenye misiba.

Kwa hiyo jiki, maji safi, kisha moto, kila baada ya nyoka, au wembe mpya. Na ile tyubu tupu isiyo na nyama ipitie hatua zote na wenzake. Ikitoa mkanda kwenye jeli, yaani vinasaba vimeonekana pasipo nyama, kuna uchafu: simamisha kazi.

3. Jina linalotangulia kwenye orodha ya GenBank, ile hazina ya mtandaoni ya vinasaba mnayolinganishia, si ubatizo. Kwa muda mrefu fira wa msituni wote, kuanzia Afrika Magharibi hadi pwani yetu, walikuwa Naja melanoleuca. Mwaka 2018 Wolfgang Wüster na wenzake wakawagawa katika spishi tano, na wa kwetu akaangukia kwenye subfulva, jina lililotolewa na Laurent mwaka 1955 kwa nususpishi. Data za zamani zinaweza kuwa bado zimevaa jina la zamani. Ukiniandikia "asilimia 99, melanoleuca, Mtwara", najua hukusoma, ulinakili.

4. Jeni za sumu zisikujengee mti wa spishi, ule mchoro wa ukoo wao. Zinajirudufu, nyingine zinakufa, uteuzi unazivuta huku na kule, mwisho unapata mti wa sumu wenyewe. Mti wa spishi ndio unaotangulia. Waliochapisha kwenye jarida la Science mwaka 2021 walionyesha kwamba kutema sumu kulizuka mara tatu: kwa swila wa Afrika, kwa wale wa Asia, na kwa rinkhals, ndugu wa swila wa kusini mwa Afrika. Mara zote tatu fosfolipasi A2, kimeng'enya cha sumu, imekuja kuongeza makali ya sitotoksini, sumu inayoharibu seli, kwenye neva za maumivu. Kazi tamu, naisoma tena kila mwaka. Lakini huwezi kusema "mara tatu" kama matawi yako yamekaa kombo. Mkasi wa kwenye suruali ungeweza kuifanya nne.

5. Kichwa kilichokatwa bado kinang'ata. Miwani kwa mossambica. Ujue dawa ya kuzuia sumu iko hospitali gani kabla hujatoka nyumbani. Sirudii.

6. Wakulima. Mnafika, mnakata, mnaondoka, na mzee wa watu anabaki hajui ni nani alikuwa chini ya mkorosho wake. Mpigieni simu majibu yakitoka. Yakiwa ni Philothamnus, yule kijani asiye na madhara ambaye kijiji kizima kiliapa ni Dendroaspis angusticeps, mamba wa kijani mwenye sumu kali, ndiyo kabisa mpigieni, na mumweleze kwa heshima, bila kumcheka. Mwambieni pia kwamba gamba alilojivua nyoka linatoa vinasaba. Akiliokota, alikaushe kivulini, asilitie kwenye mfuko wa nailoni, alihifadhi ndani ya bahasha ya kaki na aandike shamba na tarehe. Bahasha ziko kabatini kwangu, mnasaini mnapochukua.