Kwako Inchaji Mpya: Zisome Namba za Wodi Yako Kabla Hazijaenda Wilayani

Hongera kwa barua ya uteuzi. Namwandikia muuguzi ambaye mwezi uliopita alikuwa anaingia zamu ya usiku kama wenzake, na wiki hii wenzake hao wanamwita inchaji, yaani msimamizi wa wodi. Utashangaa saa zako zinavyohama kitandani kwa mgonjwa kwenda mezani: rosta, oda ya vifaa, kikao cha metroni, ripoti ya mwisho wa mwezi ya MTUHA, ule mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Nimeongoza wodi ya wazazi na baadaye wodi ya wanawake, na jambo nililochelewa kulielewa kote kuwili ni kwamba zile taarifa tunazojaza kila siku ni zetu kwanza, halafu ndiyo za wilaya.

Mwaka wangu wa kwanza nilizichukulia kama kodi. Mwezi ukiisha nafungua kitabu namba 12 cha leba, najumlisha waliojifungua, waliozaa kwa upasuaji, watoto waliozaliwa wamechoka, nampa mratibu wa MTUHA. Yeye anaingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta unaokusanya ripoti za vituo vya afya, mimi narudi wodini. Sikuwahi kumwuliza namba zangu zimekaaje humo ndani. Siku moja yeye mwenyewe akaniita, akanionyesha grafu ya miezi sita: watoto wanaozaliwa bila kupumua vizuri walikuwa wanapanda, tena kwa mfululizo. Nilikuwa nimeziandika namba zote zile kwa mkono wangu na sikuwa nimeona kitu, kwa sababu kila mwezi nilikuwa naangalia mwezi ule tu.

Sasa hapa kuna jambo la kushika. Kwa ripoti hizi, DHIS2 inapokea jumla ya mwezi. Itakwambia kuna tatizo, lakini haiwezi kukwambia ni saa ngapi, ni kwa nani, wala ni kwa nini. Kwa hiyo nilirudi kwenye kitabu, nikachukua karatasi, nikapanga kila mtoto kwa saa aliyozaliwa. Wengi walianguka kati ya saa 7 usiku na saa 11 alfajiri. Nikafungua rosta: muda huo nilikuwa nampanga mkunga mmoja kwa leba na kwa kina mama waliokwisha kujifungua, wakati asubuhi nilikuwa na wakunga wanne. Nikafungua mafaili: kwenye patografu nyingi za usiku, zile chati za kufuatilia uchungu wa mama, mapigo ya moyo wa mtoto hayakuwa yameandikwa kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Mkunga alikuwa anamshona mama mmoja huku mama mwingine akiita kutoka chumba cha pili. Sikusubiri watumishi wapya. Nilimtoa mkunga mmoja asubuhi nikampeleka usiku. Asubuhi ikawa ngumu, wakalalamika, lakini nilikuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Mifumo ya kompyuta ya kuendesha hospitali, kama GoT-HoMIS ya serikali, inakupa zaidi ya hapo, kwa sababu inamfuata mgonjwa mmoja mmoja na inaandika saa ambayo taarifa imeingizwa. Lakini saa hiyo inaweza kukupotosha usipokuwa makini. Nilipohamia wodi ya wanawake nilikuta presha, mapigo, joto na upumuaji wa wagonjwa wote wa usiku vimeingizwa kati ya saa 12:15 na saa 12:40 asubuhi. Nilikasirika. Niliamini wauguzi wanalala na alfajiri wanatunga vipimo. Nilikuwa tayari kuandika barua ya kuwataka wajieleze.

Kabla ya kuandika nikaingia usiku mmoja bila kuwaambia. Nilichokiona ni muuguzi mmoja anayezunguka na mashine ya presha, anaandika kwenye kipande cha boksi la glovu, kitanda hadi kitanda, kwa sababu kompyuta pekee ya wodi ilikuwa ndani ya ofisi ya inchaji, na ofisi ilikuwa imefungwa. Ufunguo nilikuwa naondoka nao mimi. Nikifika asubuhi ndipo nafungua, na hapo ndipo muuguzi wa usiku alikuwa anapata nafasi ya kuingiza. Vipimo vilikuwa vya kweli. Lakini mgonjwa ambaye presha yake ilishuka saa 9 usiku, daktari wa zamu akifungua mfumo saa 10 asingeona chochote. Tulihamishia kompyuta kwenye meza ya wauguzi siku ileile. Tangu hapo namba ikinishangaza huwa naitembelea kwanza. Barua inaweza kusubiri.

Kuhusu kuomba watumishi. Ukienda kwa Muuguzi Mfawidhi, anayesimamia wauguzi wote, ukasema "tumezidiwa", atakuonea huruma, kisha ataingia inchaji wa wodi nyingine na kusema vilevile. Nenda na hesabu. Chukulia una vitanda 28 na mwezi una siku 30: hizo ni siku za kitanda 840. Kama jumla ya siku ambazo wagonjwa wako wamelala ni 1,092, wodi imejaa kwa asilimia 130. Hapo huhitaji kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani lina njia yake ya kupima mahitaji ya watumishi, WISN, inayolinganisha kazi halisi ya mwaka na muda ambao mtumishi mmoja anapatikana baada ya kutoa likizo, sikukuu, kuugua na mafunzo. Njia hiyo inakula kile kilichoandikwa tu. Vidonda mlivyosafisha bila kuandika, damu mliyoongeza bila kuandika, vinahesabika kama havikufanyika, na ikama yenu, yaani idadi ya watumishi mnaostahili, inapungua kwa kiasi hicho. Waeleze wauguzi wako hivyo. Mimi niliona uandishi ukibadilika walipojua kwamba kalamu yao ndiyo inayowaombea mwenzao.

Dawa na vifaa sitarefusha. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wodini ni hivyo kabisa. Angalia matumizi ya miezi mitatu kabla ya kuagiza, na usiache chati ya joto la jokofu la oksitosini, sindano ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, ijazwe kwa kukisia; inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na dawa ikiharibika hutajua mpaka mama anavuja damu na sindano haifanyi kazi.

Neno la siri ni la mtu mmoja. Najua wodini watu huazimana ili kazi iende, hasa kwa wanafunzi na walioajiriwa karibuni ambao bado hawajafunguliwa akaunti. Usikubali. Dawa ikitolewa kimakosa, jina linalobaki kwenye mfumo ni la aliyeazimisha. Wafuatilie watu wa TEHAMA mpaka kila mtu awe na akaunti yake. Vilevile picha ya skrini yenye jina la mgonjwa isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wodi, hata kwa nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, nawe kama kiongozi ndiye utakayeulizwa kwanza.

Umeme utakatika, mtandao utagoma. Weka fomu za karatasi kwenye droo inayojulikana na zamu zote. Ukirudi umeme, mwingizaji aandike saa ya tukio lenyewe, siyo saa aliyokaa kwenye kompyuta.

Kwetu siku hizi makabidhiano ya asubuhi yanaanzia kitandani, kisha dakika 10 tunasimama mbele ya skrini, wanaotoka na wanaoingia. Tunaangalia waliolazwa usiku, waliokosa kipimo kilichopangwa, na kitu chochote kilichopungua stoo. Aliyetoka usiku ndiye anayeongea kwanza. Akimaliza, anakwenda kulala.