Mashahidi wawili wanatosha? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu ng'ombe wa mjomba wake, Rungwe

Mkuu, mpe pole mjomba. Umesema ng'ombe walitolewa zizini usiku, jirani anadai alimtambua mwizi mmoja, na shangazi yako naye yuko tayari kutoa ushahidi kwa kuwa jirani alimsimulia asubuhi. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama huku nyanda za juu kusini hadi nikastaafu, na kesi za namna hii nimezisikia nyingi.

Idadi isikusumbue. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, haidai idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja akiaminika anatosha.

Shangazi hawezi kuthibitisha nani aliiba, maana hakuona, na mahakama inataka jambo la kuonekana lisemwe na aliyeliona. Lakini msimwache nyumbani! Kwamba jirani alimtajia jina asubuhi ileile, hilo alilisikia kwa masikio yake. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, ilisema shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema ni jambo kubwa linalompa uaminifu. Ila siku ya kesi akae nje mpaka aitwe, asimsikilize jirani akitoa ushahidi.

Mzigo wenyewe uko kwa jirani. Tangu shauri la Waziri Amani (Waziri hapa ni jina la mtu, si cheo), lililoripotiwa 1980, hakimu hapokei tu "nilimwona". Anataka kujua mwanga ulikuwa wa nini, ukali wake, umbali, alimtazama kwa muda gani, na kama walifahamiana kabla. Kwenu huko ongeza ukungu, maana ataulizwa.

Nilimsikia mkulima mmoja wa chai, mtu mkweli kabisa kwa nilivyomtazama, akisema alimtambua mwizi kwa mwanga wa tochi. Wakili wa utetezi akauliza, "Tochi alishika nani?" Akajibu, "Yeye mwizi." "Alimulika wapi?" "Usoni kwangu." Hakukuwa na ushahidi mwingine wa maana, mshtakiwa akaachiwa. Ndugu walitoka wakilalamika kwamba hakimu kala rushwa. Mimi naona aliamua sawa, maana anayemulikwa machoni hamwoni aliyeshika tochi, na mtu mkweli anaweza kukosea sura akampeleka jirani yake jela.

Kwa hiyo, tafadhali, msimfundishe jirani maneno ya kusema. Maswali ya dodoso, yaani yale ya upande wa utetezi ya kumpima ukweli, yatamvua nguo mbele ya watu, na kesi itakufa hata kama alimwona kweli. Aeleze alivyoona, hata kama ni kidogo.

Kilicho cha haraka ni maelezo yake polisi. Kama hajaandikisha, aende mapema, ataje jina, taa ilikuwa wapi, na yeye alisimama wapi. Mambo hayo yakikosekana kwenye maelezo halafu yakazuka mahakamani, wakili atamuuliza kwa nini hakuyasema siku zile. Na kabla hajasaini, asomewe yote taratibu. Kilichoandikwa sivyo, aombe kirekebishwe palepale.