Usilipe kabla hujaona ripoti ya betri

Mkuu, hiyo hela usiitoe kesho. Nimesoma ulichoandika na naona kabisa unakoelekea. Una laptop mbili za mtumba Kariakoo: ya kwanza ina diski ya TB 1 yenye mzunguko wa 7200 na muuzaji anasema betri "inakaa poa", ya pili ina SSD (hifadhi ya chipu, haina sahani inayozunguka) ya GB 256 ila imechubuka mgongoni. Moyo wako uko kwa ile ya kwanza kwa sababu ya hiyo 7200, umeambiwa "inakaribia SSD". Mimi niliuziwa kwa maneno hayohayo, hadi hilo "inakaa poa".

Hiyo 7200 tuimalize haraka. Ni mizunguko ya sahani ya diski kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kompyuta ikitaka kitu, mkono wa diski usogee kwanza, halafu usubiri sahani izunguke mpaka data ifike chini yake. Kusubiri huko kwa wastani ni milisekunde 4.2 kwenye diski ya 7200, na 5.6 kwenye ya 5400. Faida unayolipia ndiyo hiyo. Ukiongeza mwendo wa mkono, diski yoyote kati ya hizo inasoma vipande mia moja hivi vilivyotawanyika kwa sekunde, na Windows ikiwaka inataka maelfu. SSD haina kinachozunguka, vipande hivyo inavisoma kwa maelfu kila sekunde. Kwa faili kubwa, SSD ya kawaida inayotumia plagi ya SATA, ileile ya diski za zamani, inakaribia MB 550 kwa sekunde, huku diski ya kuzunguka ikihangaika kwenye 100 na kitu. Aliyekuambia 7200 "inakaribia SSD" anataka kumaliza mzigo wake.

Ila diski hata siigombanii sana. Fundi anafungua kwa bisibisi, anatoa ya zamani, anaweka SSD, unakunywa chai unarudi. Betri ndiyo itakayokutoa machozi.

Winga, yule dalali wa kuvuta wateja, alinidaka mtaa wa Msimbazi, akanipeleka dukani, mashine ikawashwa. Pembeni pameandikwa asilimia 100. "Braza, hii ni full, masaa manne unapiga kazi." Sikiliza vizuri hapa: hiyo asilimia kompyuta inaipiga kwa kile betri inachoweza kubeba leo, haiangalii kile ilichobeba ikitoka kiwandani. Betri iliyobakiwa na robo ya uwezo wake, ikijaa nayo inaandika 100. Yule winga alilijua hilo, na mwenye duka alilijua zaidi. Hawa watu wanatazama mwanafunzi au kijana anayeanza maisha akihesabu laki zake za mwisho, na bado wanampa mashine wanayojua itazima njiani. Hilo sijalisamehe.

Ilikuwa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la umeme la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024. Nilikuwa na kazi ya kuingiza data za utafiti wa wakulima wa Kilombero, madodoso yamerundikana mezani. Umeme ukakatika, alama ya betri ikionyesha thelathini na kitu, nikaendelea kujaza. Mashine ikazima papo hapo, bila onyo. Betri ikichoka, ukinzani wa ndani ya seli unapanda. Prosesa ikivuta umeme kwa nguvu, volti inaporomoka na kompyuta inazima ingawa asilimia bado zipo. Diski ya kuzunguka ilikuwa katikati ya kuandika. Faili halikufunguka tena. Nikaanza kujaza upya, muda ukapita, kazi iliyobaki akapewa mtu mwingine na malipo yangu yakakatwa.

Nikarudi Kariakoo kununua betri "original". Kibandiko kinasema Wh 48 (wati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba), lakini haikufika hata nusu ya muda inaotakiwa kukaa. Kwa joto la Dar ikavimba, kibao cha kugusia kikainuka chenyewe. Nyingine niliyonunua baada yake ikafuata njia hiyohiyo. Betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa kwenye boksi, hivyo "mpya" ya duka inaweza kuwa imelala stoo miaka. Jumlisha mashine, betri za bandia na malipo yaliyopotea, ningepata laptop safi kabisa.

Sasa fanya hivi ukiwa dukani, kabla hujazungumza bei. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd (dirisha la kuandikia amri), ifungue. Andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili. Lifungue kwa kivinjari. Tafuta DESIGN CAPACITY, huo ni uwezo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, huo ni uwezo wa leo. Gawanya wa leo kwa wa kiwandani. Ukikuta mWh 48,000 na 21,000 (yaani Wh 48 na 21), hiyo betri imebakiwa na asilimia 44, mwachie mwenyewe. Mimi chini ya 70 sinunui. Angalia na CYCLE COUNT kama ipo: betri nyingi za laptop zinatengenezwa kwa mizunguko 300 hadi 500 ya chaji kabla ya kushuka kwenye asilimia 80 hivi.

Saa pia usihesabiwe na mtu. Chukua Wh za leo ugawe kwa wati ambazo mashine inakula. Wh 45 kwa mashine inayokula wati 9 ni saa tano. Ile betri ya Wh 21, kwa wati hizohizo 9, ni saa mbili na dakika ishirini. Kubadili diski kuwa SSD kunaokoa wati moja au pungufu, kwa hiyo usitegemee SSD ikufufulie betri iliyokufa.

Ukiweza, tafuta yenye betri ya kuchomoa kwa nje. ThinkPad T480 ya 2018 ina ya ndani ya Wh 24 na ya nje inayofika hadi Wh 72, na prosesa zake za kizazi cha nane zinakubali Windows 11. Epuka vile vilaptop vidogo vya eMMC, aina ya hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi, fundi hana cha kubadilisha.

Kesho pima zote mbili kwa amri hiyo. Ya pili ikitoka juu ya 70 ichukue na michubuko yake. Muuzaji akikataa usifungue cmd, ondoka, duka la jirani lipo. Namba ukizipata zibandike hapa, nitakupigia hesabu kabla hujalipa.